ETI MWANAUME KAPUNGUKIWA UBAVU? NJOO TUHESABU!

Kuna ubishi mmoja ambao ukiuanzisha kijiweni, kahawa itapoa vikombeni na hakuna atakayekumbuka kuinywa. Wala si ule wa Simba na Yanga. Ni huu wa mbavu: mwanaume anazo ngapi, na mwanamke anazo ngapi?

Majuzi hapa kwetu uswahilini ulilipuka tena. Jamaa mmoja, ambaye tangu aoe hana mazungumzo mengine isipokuwa ya mkewe, alitamka kwa sauti ya mhubiri kwamba upande wa kushoto wa kila mwanaume kuna pengo la ubavu mmoja, na ndiyo maana mwanaume hatulii mpaka aoe. "Yule ni spea yangu jamani, imetoka hapa hapa," akasema huku akijipiga ubavuni. Watu wakacheka, mbavu hawana! Mama ntilie aliyekuwa akikosha sahani pembeni akainua kichwa, akamuuliza taratibu, "Na wewe mwanangu, umewahi kuzihesabu?"

Kimya.

Mpenzi msomaji, mimi si daktari. Elimu yangu ni ya Kidato cha Nne, na daftari langu la baiolojia lilishafungiwa karanga zamani. Lakini mbavu hazihitaji digrii. Zinahitaji kidole na subira, basi. Kwa hiyo nikaenda kusoma, nikamsumbua muuguzi mmoja wa mtaani kwetu mpaka akanichoka, na jibu ninalo.

Mwanaume ana mbavu 24. Mwanamke ana mbavu 24. Kumi na mbili kulia, kumi na mbili kushoto. Hakuna pengo, hakuna spea.

Najua wapo watakaonuna wakidhani nagombana na vitabu vya dini. Hata kidogo! Habari ya baba yetu Adamu ni ya Adamu, na hakuna andiko linalosema wanawe wa kiume watazaliwa wamepungukiwa. Hebu fikiri tu: fundi seremala aliyekatwa kidole na msumeno akizaa mtoto, mtoto si anakuja na vidole vyake vyote kumi? Sasa kwa nini ubavu wa Adamu ndio urithiwe kama shamba la ukoo?

Tena kuna kichekesho ndani yake. Wapo watu wachache, kama mmoja kati ya mia moja au mia mbili, wanaozaliwa na ubavu wa ziada kule juu shingoni, mmoja au jozi. Wengi wao hawajui mpaka wanakufa. Baadhi huja kugundulika kwa sababu kiubavu hicho kinabana mishipa ya fahamu na ya damu iendayo mkononi, mkono ukawa unapata ganzi kila wakati. Na wanaoonekana nacho zaidi ni akina mama! Kwa hiyo yule jamaa wa kijiweni akitaka sana tofauti, hiyo hapo, ila sidhani kama ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Msidhani hata hivyo kwamba ubishi huu ni wa sisi wanywa kahawa peke yetu. Wasomi wakubwa wa Ulaya walibishana juu ya mifupa hii hii, na kisa chao ni kitamu.

Alikuwepo mganga mmoja mashuhuri anaitwa Galen, mzaliwa wa Pergamon, mji ulioko Uturuki ya leo, aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili. Enzi hizo kupasua maiti ya binadamu halikuwa jambo la ruhusa, kwa hiyo Galen akapasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, akaandika. Aliandika mengi, na mengi yalikuwa ya maana. Ila kwenye mfupa wa kidari, ule ulio katikati ya kifua, alisema una vipande saba. Ni kweli unavyo vingi... kwa nyani!

Kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari wa Ulaya walikariri saba, saba, saba. Katika vyuo profesa alikuwa akikaa juu ya kiti kirefu anasoma kitabu, na chini yake kinyozi ndiye anayeshika kisu kupasua maiti. Wanafunzi wakiona vipande vitatu, profesa anasoma saba, na wote wanatoka wameandika saba.

Mpaka akaja kijana mmoja, Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, akawa mwalimu kule Padua, Italia, akiwa na umri ambao kwetu hapa bado unatumwa dukani. Yeye alishuka kitini, akamwondoa kinyozi, akashika kisu mwenyewe. Mwaka 1543, akiwa na miaka 28, alitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya mwili wa binadamu, na humo akasema wazi: kidari cha mtu kina vipande vitatu. Na akaongeza kwamba ile habari ya wanaume kupungukiwa ubavu mmoja ni ya kuchekwa, maana alihesabu za wanaume akahesabu na za wanawake, akakuta sawa.

Unafikiri walimshukuru? Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Sylvius, alimjia juu akamwita mwendawazimu. Na utetezi wake ndio ulionivunja mbavu: alishikilia kwamba Galen hakukosea, ila miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu zama zake! Yaani bora binadamu wote wawe wamekosea kuliko kitabu. Watu wa namna hiyo tunao mitaani, na baadhi wamekalia viti virefu vile vile.

Haya, tuache Ulaya, turudi kifuani kwako. Umeiona nyumba ya mbavu za mbwa, zile nguzo na fito zinazofungwa kwa kamba kabla ya kukandikwa udongo? Jina lile halikutungwa bure. Kifua kimejengwa hivyo hivyo. Nguzo ya nyuma ni uti wa mgongo, nguzo ya mbele ni mfupa wa kidari, na mbavu ni fito zinazozunguka kutoka nyuma kuja mbele. Udongo wake ni nyama iliyojaza nafasi kati ya ubavu na ubavu. Ndani ya nyumba wanakaa moyo na mapafu, na kwenye baraza ya chini wamejibanza ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto.

Lakini fito hizi hazifungwi zote namna moja. Nyuma kila ubavu umeshikwa na pingili za uti wa mgongo, wote kumi na mbili. Mbele ndiko kwenye mambo. Saba za juu kila mmoja anafika kidarini kwa gegedu yake mwenyewe, na hizi wataalamu wanaziita mbavu za kweli. Gegedu unaijua, ni ile mifupa laini ambayo kwenye nyama choma unaitafuna kwa kelele mpaka meza ya pili wanageuka. Ubavu wa nane, wa tisa na wa kumi haufiki kidarini. Kila mmoja unajishikiza kwenye gegedu ya jirani yake wa juu, kama abiria anayening'inia kwenye shati la mwenzake ndani ya daladala. Wameitwa mbavu za uongo, nami naona wameonewa, maana kazi wanafanya. Wa kumi na moja na wa kumi na mbili hawashiki chochote mbele, wanaishia nyamani huku ubavuni karibu na kiuno. Hao ndio mbavu zinazoelea.

Kwa taarifa tu, mbuzi anazo jozi 13. Ukikaa na wenzako mbele ya sinia la mbavu, mtu akabisha, mwambie ahesabu kabla hazijaisha.

Sasa lete kidole. Kiweke chini ya koo, penye kile kishimo kati ya mitulinga miwili. Teremka polepole katikati ya kifua kama sentimeta tano. Utakutana na kituta kinachokatiza mfupa, kama tuta dogo la barabarani. Hapo ndipo kipande cha kwanza cha kidari kinapokutana na cha pili, na ukienda pembeni kidogo, kulia au kushoto, ubavu unaougusa ni wa pili. Wa kwanza usiutafute, umejificha nyuma ya mtulinga, mfupi, na haupatikani kwa urahisi. Kuanzia wa pili shuka: wa tatu, wa nne, wa tano... Akina dada mteremke karibu na kidari ndiyo itakuwa rahisi. Kule chini zinasongamana na kidole kitapotea, usiwe na wasiwasi, zile mbili za mwisho zipapase huku kiunoni ukielekea mgongoni. Hivi hivi ndivyo na daktari anavyohesabu anapotaka kujua pa kuweka chombo chake cha kusikilizia moyo.

Kidole kikifika mwisho kabisa wa kidari, juu ya tumbo, utagusa kincha kidogo. Hapo ndipo wazee wetu wanapaita chembe cha moyo, ingawa moyo wenyewe uko juu zaidi. Kincha hicho ndicho kipande cha tatu cha kidari. Ujanani ni gegedu tupu, kinakuja kuwa mfupa taratibu mtu akishafika makamo. Wengine kimechomoza kwa mbele, hasa aliyekonda. Muuguzi wangu anasema watu hufika zahanati wamejishika hapo, macho yamewatoka, wakijua wameota uvimbe. Kumbe ni mfupa wao waliozaliwa nao! Uvimbe unaokua ni jambo jingine, huo upelekwe ukaonwe.

Mbavu zinafanya kazi gani? Ukimuuliza mtu atakwambia zinalinda moyo. Ni kweli, lakini hilo ni nusu ya jibu. Kazi yake ya usiku na mchana ni kukupa pumzi. Weka viganja vyako viwili ubavuni halafu vuta hewa kwa nguvu. Umesikia? Mbavu zimepanda na kutanuka, kama mshikio wa ndoo unapouinua kutoka ubavuni mwa ndoo. Wakati huo huo kidari kinasukumwa mbele na juu, na ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo unashuka. Kifua kinakuwa kikubwa, hewa inaingia yenyewe. Mtu mzima akiwa amekaa tu anafanya hivyo mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Kwa siku moja ni zaidi ya mara 17,000, ukiwa umelala, ukiwa unagombana, ukiwa unasubiri gari kituoni. Nyumba gani nyingine ya fito inacheza kiasi hicho isibomoke?

Na ndani ya mifupa hii kuna kiwanda. Kidari na mbavu vina uboho mwekundu, ambao unatengeneza damu maisha yako yote.

Kidari kina sifa nyingine ambayo ningependa kila kondakta na kila mlinzi wa geti aijue. Moyo umekaa kati yake na uti wa mgongo. Mtu akianguka, hana fahamu, hapumui au anatweta ovyo ovyo, ita msaada, kisha weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua kwenye nusu ya chini ya kidari, ubonyeze kwa nguvu, sentimeta tano zisizidi sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi kila mara. Unausaidia moyo kusukuma damu kwa mikono yako. Usibonyeze kwenye chembe, chini yake kuna ini. Ubavu unaweza kuvunjika ukiwa unafanya hivyo, hata wataalamu unawavunjikia. Usiache. Ubavu utaunga, mtu akifa haungi.

Sasa niwape kisa kilichoniuma, kwa sababu hapa ndipo ubishi wa kijiweni unapogeuka kuwa msiba.

Jirani yangu ni dereva wa bodaboda, kijana wa makamo yangu. Alianguka akikwepa shimo, usukani wa pikipiki ukamwingia ubavuni. Akarudi nyumbani anachechemea, anacheka kidogo anaguna. Wazee wa nyumba wakakata shauri: ubavu umevunjika, lazima ufungwe usicheze. Ikaletwa khanga, akazungushiwa kifua, mmoja anavuta huku, mwingine kule, "Kaza! Kaza mwanangu!" Na kweli maumivu yalipungua. Kijana akalala chali siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hataki kukohoa, hataki kucheka, anavuta pumzi fupi fupi kama kifaranga. Siku ya tano homa ikapanda, midomo ikabadilika rangi, wakamkimbiza hospitali. Daktari kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba mkasi, akaikata ile khanga.

Homa ya mapafu. Alilazwa zaidi ya wiki.

Waliomfunga walikuwa wanampenda, hakuna anayewalaumu. Hata madaktari zamani walikuwa wakiwafunga watu vifua kwa plasta pana, baadaye wakaacha baada ya kuona hasara yake. Mfupa wa mguu unaweza kuufunga ukatulia. Ubavu ukiufunga umefunga pumzi. Hewa haifiki chini ya pafu, makohozi yanabaki humo yanachacha, na vijidudu vinapata nyumba ya bure.

Muuguzi wangu anasema dawa ya ubavu uliovunjika ni ya ajabu kwa macho ya mtu: ni kupumua. Unapewa dawa ya maumivu, na hii si anasa, inatolewa ili uweze kuvuta hewa mpaka mwisho. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu kama kumi. Ukitaka kukohoa kumbatia mto, uukandamize pale panapouma, kisha kohoa bila woga. Usilale chali siku nzima, kaa, simama, tembea. Sigara weka mbali. Mfupa wenyewe unaunga ndani ya wiki sita hivi bila kushikwa na mtu. Na usishangae eksirei isipoonyesha kitu ilhali unaumia. Nyufa nyingi za mbavu hazionekani kwenye picha, na matibabu ni yale yale.

Ila yapo ya kukimbia nayo hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane: kuishiwa pumzi, kukohoa damu, au sehemu ya kifua inayoingia ndani wakati sehemu nyingine zinatoka nje. Mbavu za chini kushoto zikiumia halafu mtu akaanza kizunguzungu, jasho la baridi na tumbo kuuma, wahini, huenda bandama imepasuka na damu inavujia ndani. Kwetu huku bandama za wengi zimewahi kuvimba kwa malaria mpaka zikachungulia nje ya mbavu, na zikivimba hupasuka kirahisi. Mtoto naye asikudanganye. Mbavu zake ni laini, zinapinda bila kuvunjika, pafu likaumia ndani huku nje hakuna alama. Bibi na babu ni kinyume chake, mifupa imekauka, kikohozi kikali tu kinaweza kuvunja ubavu.

Na maumivu ya kifua yasiyo na ajali? Mengine ni pale gegedu inapoungana na kidari, ukibonyeza kwa kidole unaruka. Hayo yanasumbua lakini hayaui. Yale yanayobana kama umekaliwa na gunia, yakapanda shingoni au yakashuka mkononi na jasho likakutoka, usiyahesabie mbavu. Hospitali.

Jirani yangu yuko barabarani tena. Juzi nilimpandia, nikamsikia anapiga mluzi njia nzima, nikajua mapafu yamejaa sawasawa. Khanga ile mama yake ameishona kwa mkono na anaifungia mtoto wa dada yake mgongoni.

Nafasi yangu imekwisha. Yule dada wa Temeke aliyeuliza kwikwi inatoka wapi avumilie, nitamjibu wiki ijayo.